Paa la faiba: waliniambia niweke bati

Kila fundi wa bodi niliyempelekea Land Cruiser yangu hapa Dodoma alianza kwa kuligonga paa kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio, kisha akanipa ushauri uleule: "Kaka, ng'oa hilo, tukukunjie bati." Na hawa si mafundi wabovu. Mlango uliogongwa na lori wanaunyoosha mpaka unasahau. Ila kwenye faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa, wengi wanabahatisha, na hawasemi kwamba wanabahatisha.

Gari lenyewe ni lile fupi la zamani, BJ40 ya 1978, dizeli ya silinda nne. Toyota walizitoa za familia hiyo kuanzia 1960 hadi 1984. Zile za paa gumu zina kuta za chuma, lakini kifuniko cha juu ni faiba, kimeshikwa kwenye mfereji wa chuma unaozunguka. Kutu hula mfereji, paa lenyewe halijui kutu. Ukikuta limepasuka, tafuta binadamu. Kwangu mimi alikuwa mwenye gari aliyetangulia: alitoboa paa afunge keria, akapakia, akapiga rivasi chini ya mgunga. Kona ya nyuma kushoto, juu ya kile kioo kilichopinda, ikameguka, na ufa ukakimbilia mbele.

Fundi mmoja akasema niachie mimi. Akaweka wavu wa kuku, akajaza puti, akapiga msasa, ikapendeza kweli. Nikaenda nalo Kibakwe na ile barabara yake, nikarudi puti linadondoka vipande vipande kwenye siti ya nyuma. Paa la faiba linacheza gari likitembea, puti halichezi. Basi akaniambia safari hii tutumie rezini, ule uji unaogandisha nyuzi za faiba.

Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa kumi, lile jua letu la kabla ya mvua. Akafungua kopo la kilo moja, akamimina hadina, dawa ya kuigandisha, kwa macho, akakoroga kwa kijiti. Nikamuuliza kipimo. "Bosi, hadina ikizidi ndiyo inashika zaidi." Hajachovya brashi mara ya pili, rezini ikaanza kuvutika nyuzi, ikawa jeli, kopo likawa halishikiki kwa moto. Likafuka moshi. Akalitupa uani, kuku wakatawanyika, na rezini ikawa inapasuka yenyewe humo ndani, ta, ta, ta, brashi imesimama katikati imegandia. Nilimlipa nusu. Brashi na kopo ninavyo mpaka leo, ni kitu kimoja.

Hapo ndipo nikaamua kazi hii nitaifanya mwenyewe.

Rezini ikishika inatoa joto, na joto likibanwa kwenye kopo refu linazidi kujichochea. Kipimo ni asilimia moja hadi mbili ya hadina, na kwa mchana wa Dodoma mimi sivuki moja. Gramu mia mbili za rezini, mililita mbili za hadina, unapima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Koroga kidogo kidogo, kwenye chombo kipana. Asubuhi za Juni na Julai nako ni shida ya upande wa pili: baridi ile inaifanya igome kushika. Nilikuwa nasubiri jua lipande kiasi, namaliza kabla upepo haujaanza kuleta vumbi. Wanaoijua Dodoma wanajua huo muda si mrefu. Sakafu ya banda nilikuwa naimwagia maji kwanza.

Vifaa niliagiza Dar kwa watu wa boti, rezini, jelikoti (ile rezini nzito ya tabaka la nje) na mkeka wa nyuzi za faiba, vikaja kwa gari la jamaa, si basi, maana vitu hivi vinawaka na si vya kubanwa chini ya mabegi ya abiria. Jumla ilikuwa laki mbili na kitu, labda tatu ukiweka misasa. Mke wangu anajua ni laki moja.

Sasa kona. Kona iliyomeguka ina mikunjo miwili inayokutana, na kuichonga kwa macho ndiko kunakozaa yale matuta unayoyaona barabarani. Kila mtu akaniambia nichukue kalibu, umbo la kumiminia, kwenye kona ya kulia, nzima hiyo hapo. Jaribu uone: ya kulia imepinda kinyume, haikai. Nilihitaji kona ya kushoto ya gari jingine kama langu, na nililijua moja tu lenye paa safi, la mzee mmoja Mpwapwa.

"Mbukwenyi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Gari haliuzwi."

Nikamweleza sitaki kununua, naomba kunakili kona tu. Akacheka, akaita wanawe waje wasikie. Akakubali kwa sharti kwamba atakaa pale pale, na akakaa kweli, kiti na bakora. Nilipaka nta, nikaifuta, nikapaka tena, na tena. Juu yake kile kimiminika cha kutenganisha, kinachokauka kikawa utando mwembamba. Kisha jelikoti, kisha mikeka miwili ya rezini. Mzee akainuka akachungulia. "Kijana, huu uji wako usipobanduka, gari umelinunua."

Nikawaza hilo muda wote wa kusubiri ikauke. Ilipokauka nikachomeka kabari za mti pembeni, nikamwagia maji yapenye kwenye ule utando, maana maji huuyeyusha. Ikanyonya, ikasita, ikaachia yote kwa mpigo. Nikaosha ile kona, na kwa nta yote ile ikawa inang'aa kuliko gari zima. Mzee akaitazama, akageuka upande wa pili. "Na huku mbona hujapaka?" Ikabidi nipige nta paa lote.

Nyumbani nikamimina kona mpya ndani ya kalibu, ikatoka na mikunjo yake ya kiwandani. Kuiunga ndiko kwenye kazi. Kingo zote mbili unazichonga kwa mshazari: faiba ya milimita nne inataka mteremko wa sentimita nne au tano, ili mikeka ipandane bila kutengeneza kigongo. Mwisho wa ufa toboa kitundu kidogo usiendelee kukimbia. Vumbi la faiba linawasha vibaya, basi barakoa, mikono mirefu, na ukimaliza oga maji ya baridi. Matundu ya keria niliyaziba kwa njia hiyohiyo.

Watu wengi hunaswa kwa ndani. Chini ya paa, faiba ya kiwanda inaonyesha nyuzi zake, na fundi akiweka puti laini pale anakuwa ameandika "palitengenezwa hapa". Mimi mkeka wa mwisho wa chini niliuacha na nyuzi zake, sikuugusa kwa msasa, nikaupitishia rangi nyepesi kwa brashi.

Halafu sikupaka rangi ya juu. Jamaa walinicheka, gari limesimama juani na kiraka wiki baada ya wiki. Rezini huendelea kusinyaa baada ya kukauka, na ukiwahi kupaka, mwezi unaofuata mshono unajichora juu ya rangi yako nzuri. Jua la hapa linamaliza kusinyaa huko bure. Mshono ulipojitokeza niliusawazisha kwa msasa wa maji, nikauacha tena.

Rangi ya kulinganishia usiichukue juu ya paa, imeungua. Niliipata mahali ambapo jua halifiki, nyeupe iliyoelekea krimu. Nikapuliza paa zima hadi kwenye mfereji, si kiraka, kisha nikaua mng'ao kwa msasa wa maji namba 2000 na polishi kidogo tu. Paa linalometa juu ya gari la 1978 linajishtaki lenyewe.

Yule fundi wa kopo alipita juzi. Akazunguka, akagonga kona zote, akachungulia ndani, akasema kazi nzuri ila bado inaonekana kidogo. Kidole kilikuwa kwenye kona ya kulia. Nikamwambia asante.

Kalibu imening'inia bandani. Mwenye gari la namna hii na kona ya nyuma kushoto iliyomeguka nitamwazima, rezini ajitegemee. Wa kulia aende Mpwapwa, na abebe nta ya kutosha.