Nukta kumi za uso wa mzee

Mzee aliingia steshenari na mfuko wa rambo, ndani yake kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Ni cha 1988, mwaka ambao Coastal Union walibeba ubingwa wa ligi. Wachezaji wamesimama mbele, nyuma yao uwanja wa Mkwakwani umefurika. Akaweka ukucha juu ya mtu mmoja mwenye baraghashia kwenye umati.

"Mimi huyu. Nitolee kubwa, mgosi, ya kutundika ukutani. Na uilainishe, ina chenga."

Nikamwambia arudi kesho. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Kosa la kwanza lilikuwa la uzembe tu. Asubuhi nilikuwa nikiskani mihuri na sahihi, skana ikabaki kwenye "nyeusi na nyeupe". Sisi tukisema picha ya nyeusi na nyeupe tunamaanisha zile za zamani, ambazo kwa kweli zimejaa kijivu. Skana inalichukua neno kama lilivyo: kila pikseli, yaani kila kitone cha picha, ama nyeusi tii ama nyeupe pe. Kingo zikatoka na meno kama msumeno. Nikarudia kwa kijivu chenye ngazi 256, kuanzia 0 ya nyeusi hadi 255 ya nyeupe, pikseli 600 kwa inchi, na nyuma ya gazeti nikaweka karatasi nyeusi ili maandishi ya upande wa pili yasijitokeze. (Hiyo karatasi nyeusi iwekeni, jamani. Inaokoa saa nzima ya kufutafuta.)

Kosa la pili ndilo lililonifunza kitu. Picha za zamani zenye vumbi huwa nazisafisha kwenye GIMP, programu ya kurekebisha picha, kwa filta ya namba ya katikati. Inachukua pikseli na majirani zake, inazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, inabeba ya katikati. Tuseme tisa hizi: 118, 119, 120, 120, 121, 121, 122, 123, na punje ya vumbi yenye 255. Ukitafuta wastani unapata 135, yaani vumbi limewachafua wote. Ya katikati ni 121, vumbi halionekani tena. Ni wengi wape.

Nikaipitisha kwenye picha ya mzee. Mwanzoni hakikubadilika kitu. Nikaongeza ukubwa wa filta, nyuso zikawa mabaka, kama ramani ya visiwa.

Nilikaa nayo mpaka adhuhuri ndipo nikaelewa. Kwenye gazeti lile hakuna kijivu hata tone. Mtambo una wino mweusi mmoja tu, kwa hiyo shavu linatengenezwa kwa nukta ndogo na kivuli kwa nukta nene, kisha jicho lako ndilo linalozichanganya. Sasa ukileta wengi wape hapo, penye wino chini ya nusu panakuwa peupe, penye zaidi ya nusu panakuwa peusi. Kijivu chote kimepigiwa kura kikashindwa. Hapa alitakiwa yule yule wastani niliyekuwa namdharau.

Nikachukua rula nikahesabu: nukta 33 hivi kwa sentimita. Kwa skani yangu, kutoka nukta moja hadi nyingine ni kama pikseli saba. Filta ya kutia ukungu, ile yenye jina la Gauss, inachanganya pikseli na majirani, wa karibu wakipewa uzito zaidi. Niliweka ukungu wa pikseli 1, nukta zikabaki. Kwa 2 zikafifia, kwa 3 zikaisha, na mistari ya jezi bado ipo. Kwa 6 na jezi zikaondoka. Kipimo alikitoa mtambo wa gazeti mwaka ule, mimi nilikifuata tu. Baadaye nikanoa kidogo, nikakaza weusi, basi.

Ikabaki ile sura. Kwenye gazeti ina upana wa milimita tatu, yaani nukta kumi. Picha yenyewe ina sentimita 12, nami naipeleka A3, mara tatu na nusu. Nukta kumi zitatoa nini? Dogo ninayefanya naye kazi akasema ngoja, akaipitisha kwenye programu ya simu inayong'arisha nyuso. Akatoka kijana ana macho maangavu, mustachi mwembamba, mpaka meno.

Mzee alipokuja nikampa shikamoo, nikamwonyesha zote mbili. Hiyo ya simu aliitazama kwa muda.

"Kijana mzuri. Wa nani huyu?"

Nikachapa ile yenye ukungu. Aliishika karibu na uso, akakunja paji, hakusema kitu. Kisha akaiegemeza kwenye boksi la karatasi juu ya kaunta, akatoka nje, akavuka barabara, akasimama kwa fundi viatu na kugeuka. Nikamwona anacheka peke yake.

Aliporudi aliuliza kama fremu nauza.