Mshumaa unaotaka kuuza, uwashe kwanza mpaka uishe

Meseji zinazoingia inboksi kwangu kuhusu kuanza biashara ya mishumaa ya harufu zinafanana sana, mtu anauliza mafuta gani ya manukato yananukia zaidi, mwingine anataka kujua lebo nzuri anatengenezaje, mwingine glasi za bei ya jumla anapata vipi. Utambi hakuna anayeuliza. Na utambi ndo mshumaa wenyewe jamani, hivo vingine vyote vinaufuata.

Ngoja nieleze manake hapa ndo pesa za watu zinapopotelea. Tunasema utambi unawaka, ila kinachowaka hasa ni nta, moto unaiyeyusha, ikishakua maji inapanda kupitia utambi, ikifika juu kwenye joto kali inageuka mvuke, na huo mvuke ndo mwali unaouona. Kwa hiyo unene wa utambi ndo unaoamua nta kiasi gani inapanda. Utambi ukiwa mwembamba kwa glasi yako mshumaa unachimba shimo katikati, nta ya pembeni inabaki imeganda kwenye kuta mpaka mwisho, mteja anaona nusu ya hela yake imebaki humo ndani haiwezi kuwaka. Ukiwa mnene mwali unakua mrefu, unacheza cheza, masizi yanapaka glasi weusi, utambi unaota kichwa cheusi kama uyoga na glasi yenyewe inapata moto kiasi kwamba hushiki. Huo wa pili ndo unaonitisha, kioo kikizidiwa na joto kinapasuka, na kinapasukia juu ya meza ya mtu, sebuleni kwa mtu.

Sasa utambi sahihi unaujuaje? Kwa kuwasha. Hakuna njia ya mkato. Watengenezaji wa tambi za mishumaa hua wanatoa jedwali, glasi ya upana huu tumia saizi hii, ni pazuri pa kuanzia ila ni pa kuanzia tu. Unachukua glasi ile ile utakayouzia, nta ile ile, manukato yale yale kwa kipimo kile kile, unatengeneza mishumaa mitatu yenye saizi tatu za utambi zinazofuatana, unaiacha ikomae, yaani ikae kwanza baada ya kumimina, afu unaiwasha. Kinachotafutwa ni nta iyeyuke mpaka ukutani pande zote, na kwa makadirio wengi wanahesabu kama saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana, yaani glasi ya sentimita 7.5 upe kama masaa matatu. Kina cha nta iliyoyeyuka kiwe kama sentimita moja hivi, kikizidi sana hapo utambi ni mkubwa. Unazima baada ya masaa manne, unaacha ipoe kabisa, unakata utambi, unawasha tena, hivo hivo mpaka chini. Mpaka chini kabisa nasema, ibaki kama sentimita moja tu ya nta! Wengi wanawasha mara moja wanaona umewaka vizuri wanaanza kuuza, kumbe mshumaa wa kwenye glasi ukifika nusu tabia inabadilika, joto linakaa humo ndani haliondoki vizuri, utambi uliokua sawa juu unakua mkali sana huku chini.

Na ukibadilisha harufu rudia majaribio. Watu hawapendi kusikia hili ila ndo ukweli, mafuta mengine ni mazito yanaziba utambi, rangi nazo zinaziba, kwa hiyo glasi ile ile nta ile ile lavenda ikawaka vizuri na vanila ikagoma. Vanila hata rangi ya nta inaibadilisha, ikikaa inageuka manjano mpaka kahawia, ni tabia yake tu, haijaharibika, ila mteja asiyejua atasema umempa mshumaa wa zamani. Ndo maana nawashauri wanaoanza waanze na harufu tatu. Tatu zinatosha kabisa. Harufu kumi na mbili za kuanzia maana yake ni majaribio mara kumi na mbili na mtaji umelala kwenye vichupa.

Kuhusu nta sina mengi. Nta ya parafini inatoa harufu vizuri na ni rahisi kufanya nayo kazi. Nta ya nyuki ina harufu yake ya asili na inayeyuka kwenye joto la juu, kama nyuzi 62 mpaka 64, mi naona inapendeza ikiachwa bila manukato. Nta ya soya ni ya juzi juzi tu, ilianza kutumika kwa mishumaa mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Marekani, inayeyuka kwenye joto la chini, inafaa sana kwenye glasi na makopo ya bati, ila inataka uvumilivu. Ukishamimina soya uache wiki moja, ikiwezekana mbili, kabla ya kuwasha au kuuza, harufu yake ukiwaka inakua bora zaidi. Ila naombeni tuache kuandika kwamba soya haitoi moshi, mshumaa wowote utambi ukiwa mrefu unatoa masizi, uwe wa soya uwe wa nyuki. Tusimdanganye mteja, atauwasha ataona mwenyewe.

Vipimo sasa. Pima kwa uzito, mzani wa dijitali, sio vijiko wala vifuniko. Nta nyingi zinabeba manukato kati ya asilimia 6 na 10 ya uzito wake, muuzaji wa nta atakwambia kikomo cha nta yake, usikivuke kwa kudhani utapata harufu kali zaidi, mafuta yanayozidi yanajitenga yanaelea juu au kutulia chini, na hapo unakua umemtengenezea mtu hatari ya moto. Mfano, kilo moja ya nta kwa asilimia 8 inataka gramu 80 za mafuta, jumla gramu 1080, ukimimina gramu 180 kila glasi unapata mishumaa sita kamili. Soya wengi wanaweka mafuta ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 85 hivi, unakoroga taratibu kama dakika mbili bila kuingiza mapovu, afu unasubiri ishuke ndo umimine, na joto la kumimina fuata maelezo ya nta yako kwa sababu zinatofautiana. Bila kipimajoto hii kazi ni kubahatisha, leo umetoka laini kesho una mabonde, na hutajua kwa nini.

Usalama, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Nta inayeyushwa kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke moja kwa moja motoni, na usiondoke kwenda kujibu oda. Ikishika moto usimwage maji, maji yanageuka mvuke ghafla yanarusha nta inayowaka kila upande, zima jiko afu funika kwa mfuniko, kwa hiyo mfuniko uwe karibu kabla hujaanza. Na nta iliyobaki usiimwage kwenye sinki, inaganda kwenye bomba.

Bei. Hapa watu wanamwonea mteja huruma isiyo na faida, yaani wanajumlisha nta, manukato na glasi, wanaongeza kidogo juu, basi hiyo ndo bei. Utambi je? Gundi ya kushikisha utambi, lebo, stika ya tahadhari, boksi, karatasi ya kufungia, gesi au umeme, glasi zilizovunjika njiani, na ile mishumaa uliyoiunguza kwenye majaribio, yote hiyo ni gharama ya mshumaa. Afu na muda wako, kuosha glasi, kumimina, kubandika, kupaki, kujibu meseji za usiku. Kama hujajilipa ujue faida unayoiona ni mshahara wako uliojinyima. Kingine, fikiria mapema kama utataka kuuza kwa maduka, manake duka nalo lazima liongeze lake, mara nyingi linauza karibu mara mbili ya bei lililonunua kwako, sasa kama bei yako ya rejareja imebana hivo ukipata oda kubwa ya duka utafurahi siku moja tu afu utagundua kila kipande kinakula mtaji.

Kwenye kuuza mtandaoni shida ni kwamba picha hainukii. Wengi wanaandika "harufu nzuri sana" wanaishia hapo, hiyo haimwambii mtu kitu. Mwambie ni nyepesi au nzito, tamu au ya majani, inafaa chumba kidogo au sebule kubwa, na useme ukweli kama ni ya taratibu. Ukipata nafasi ya kuuza ana kwa ana itumie, watu watafungua mfuniko watanusa wenyewe, ila kumbuka wananusa mshumaa uliopoa, na kuna mishumaa inanukia sana ikiwa imezimwa ukiiwasha hamna kitu. Mteja ananunua mara ya kwanza kwa pua akiwa amesimama mbele yako, mara ya pili ananunua kwa jinsi ulivyowaka kwake nyumbani, na biashara hii inaishi kwa hiyo mara ya pili.

Ndo maana kila mshumaa wangu unatoka na kikaratasi, na kwenye kitako cha glasi kuna stika. Vinasema mara ya kwanza uache uwake mpaka nta iyeyuke ifike ukutani, kabla ya kuwasha kila mara kata utambi ubaki kama milimita 5, usizidishe masaa manne, usiuache peke yake, uwe mbali na mapazia, watoto na upepo, na nta ikibaki kama sentimita moja chini usiuwashe tena. Hiyo ya mwisho watu wanaionea uchoyo, wanataka wamalize, kumbe hiyo nta iliyobaki ndo inayozuia mwali usichome kitako cha glasi. Kwa hiyo siku hizi nikimkabidhi mteja mzigo wake namwambia kwa mdomo kabisa, hata kama kimeandikwa, na glasi ikiisha airudishe niioshe nimjazie mwingine kwa bei pungufu. Ila yenye ufa sipokei hata ufa uwe mdogo kiasi gani, hiyo inaenda kutupwa.