Nilivyolinganisha jiwe la chokaa na marumaru

Nilipopangiwa kufundisha mada ya miamba katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, niliamua tangu mwanzo kwamba sitachukua mwamba tabaka wowote (uliotokana na mashapo yaliyoshikamana) na mwamba geuzi wowote (uliobadilishwa na joto na mgandamizo) na kuilinganisha. Ukimwekea mwanafunzi jiwe la mchanga kando ya naisi, mwamba geuzi wenye mistari, ataona tofauti tele, lakini hataweza kusema ipi imeletwa na joto na mgandamizo na ipi ilikuwapo tangu hapo, kwa sababu mawe hayo yameanzia kwenye vitu tofauti. Nilitaka mawe mawili ya dutu moja, yatofautiane kwa yaliyoyapata tu. Ndiyo maana nikachagua jiwe la chokaa na marumaru, ambayo yote mawili kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati.

Jiwe la chokaa nililipata kwa wapasua kokoto wa upande wa Amboni, Tanga, ambako mapango mashuhuri yamechimbwa na maji ndani ya chokaa ya kipindi cha Jurasi, kilichoanza takriban miaka milioni 201 iliyopita na kwisha miaka milioni 145 iliyopita. Marumaru nilipewa na mchimbaji mdogo wa Matombo, chini ya milima ya Uluguru, ambako mwamba huo hubeba vito vya rubi na spineli. (Vigae vingi vinavyouzwa madukani kwa jina la marumaru ni udongo uliochomwa kiwandani, na havifai kwa kazi hii.)

Kabla ya yote tulivunja kila jiwe kwa nyundo, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani, kwa kuwa uso uliopigwa na jua na mvua kwa miaka mingi huficha sura halisi ya mwamba. Kisha tulianza na yale yanayofanana. Kucha haikuweza kukwaruza jiwe lolote kati ya hayo mawili, ilhali kisu kiliyakwaruza yote, jambo linalokubaliana na kalisaiti, yaani madini ya kalsiamu kabonati, ambayo ugumu wake ni 3 katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini. Tone la ndimu juu ya unga uliokwanguliwa lilitoa mapovu ya hewa ya kaboni dioksaidi kwenye mawe yote mawili. Walimu wengi hulitumia jaribio la asidi kana kwamba linatenganisha miamba hii. Mimi nalithamini kwa sababu ya kinyume chake, kwamba linamthibitishia mwanafunzi kwa macho yake kuwa ana dutu ileile mikononi.

Tofauti ilionekana chini ya lenzi inayokuza mara 10, na hapo ndipo nilipowaacha wanafunzi wakae muda mrefu kuliko penginepo. Katika jiwe la Tanga waliona vipande vya makombe na chembe zilizoshikanishwa na tope la chokaa lililogeuka jiwe, pamoja na matundu madogo kati yake. Katika marumaru hapakuwa na tope wala gundi. Fuwele zilikuwa zimebanana ukingo kwa ukingo, na kila mara jiwe lilipogeuzwa kwenye mwanga, nyuso bapa za fuwele zilimetameta kwa zamu. Kalisaiti hiyo haikuyeyuka. Chembe zilijipanga upya zikiwa yabisi, kubwa zikazimeza ndogo, hata umbo la awali likapotea.

Wanafunzi walitaka kuandika kwamba joto ndilo lililofuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani, katika marumaru yetu. Niliwazuia, kwa kuwa miamba ya Uluguru iligeuzwa takriban miaka milioni 640 iliyopita, mabara yalipogongana katika kuumbika kwa Gondwana, bara kubwa la kale, na wanyama wenye makombe magumu walianza kuonekana takriban miaka milioni 550 iliyopita. Chokaa iliyozaa marumaru hiyo ilitua baharini kabla ya kuwapo kombe lolote la kuhifadhiwa. Kukosekana kwa visukuku, ambako vitabu hukutaja kama alama ya mwamba geuzi, hapa hakuthibitishi kitu, na ushahidi wa kutegemewa ukabaki kuwa mpangilio wa fuwele. Hata hivyo, marumaru yetu ilikuwa na vibapa vya kijivu vya kinywe (grafiti, aina ya kaboni), na katika marumaru kaboni ya namna hiyo mara nyingi ni masalia ya viumbe wadogo wa bahari hiyo ya kale.

Kwa upande wa densiti tulipima tungamo kwa mizani, na ujazo kwa kuzamisha jiwe katika maji. Jiwe la chokaa hunywa maji kupitia matundu yake, na ujazo ukasomeka pungufu, hivyo tulilipaka kwanza nta nyembamba ya mshumaa ulioyeyushwa. Marumaru ilikaribia gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, ambayo ndiyo densiti ya kalisaiti yenyewe, na jiwe la chokaa likawa chini yake kwa sababu sehemu ya ujazo wake ni hewa.

Swali lililonifurahisha kuliko yote liliulizwa na msichana aliyekulia Unguja, ambako ameona matumbawe yakichomwa kwenye tanuu: "Mwalimu, kama marumaru ilipata joto linalozidi nyuzi 700, mbona haikugeuka chokaa ya kujengea?" Nilimjibu kwamba katika tanuu, joto likikaribia nyuzi 900 za Selsiasi, kaboni dioksaidi hutoka na kupaa bila kizuizi, ndipo jiwe likabaki chokaa ya kujengea. Chini ya milima, kwenye kina cha kilomita zaidi ya 20, uzito wa miamba iliyo juu huizuia hewa hiyo isitoke, na kalisaiti hustahimili hata joto kubwa kuliko la tanuu. Kipindi kilichofuata tulikitumia chote kwa mchoro wa kina na mgandamizo, tukianzia kwenye swali lake.