Siku moja maishani mwangu: kazi ya kuandika maneno ya mashahidi

Saa 11 na nusu alfajiri

Naamka mapema kuliko majirani kwa sababu moja tu, kelele. Hapa Sakina tunapopanga ni karibu na barabara, ikishafika saa moja daladala za Ngaramtoni na bodaboda zimeshaamka na kazi yangu mimi ni ya masikio. Nasikiliza sauti za watu naziandika neno kwa neno. Mwaka huu nafanya na mwalimu mmoja wa sheria anayeandaa somo la ushahidi kwa Kiswahili, na kesi aliyoichagua ni ya Jean-Paul Akayesu, ile ya mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Watutsi kule Rwanda mwaka 1994, iliyosikilizwa hapahapa Arusha kwenye jengo la mikutano la AICC. Kesi ilianza Januari 1997, hukumu ikasomwa tarehe 2 Septemba 1998, na ndiyo mara ya kwanza mahakama ya kimataifa inasikiliza kesi ya mauaji ya kimbari mpaka mwisho na kumtia mtu hatiani. Mimi wakati huo niko shule ya msingi Ngara, sijui chochote.

Alinichukua mimi kwa ajili ya lugha. Kwetu tunaongea Kihangaza, na Kihangaza ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, mtu akiongea Kinyarwanda taratibu namsikia vizuri, akikimbia ndo narudisha nyuma sauti mara tatu nne.

Saa 12

Chai, kiporo cha jana, mtoto anatafuta soksi. Dakika arobaini zimeondoka.

Saa 1 asubuhi

Nimekaa. Hedifoni kichwani, daftari pembeni, laptopu. Faili za kesi hii ni zile za vikao vya wazi, kumbukumbu za mahakama zilizobaki hapa Arusha zinatunzwa kule Lakilaki, na sehemu kubwa ya zile za wazi mtu anaweza kuzisoma mtandaoni hata akiwa kwao Kasulu. Vikao vya faragha huvioni. Na mashahidi hawana majina, wana herufi tu, JJ, OO, KK, NN. Shahidi akitakiwa kutaja jina ambalo halipaswi kusikika anaandikiwa kikaratasi, kinasomwa na wahusika alafu kinafungwa chini ya siri. Mwanzoni hizi herufi zilinipa shida kwa sababu huwezi kumsikiliza mama wa watu anasimulia siku mbaya kuliko zote za maisha yake ukamwita herufi, nikaanza kuwaita mama JJ, mama NN, moyoni tu, kwenye karatasi nabaki na herufi kama ilivyoamriwa.

Akayesu alikuwa kiongozi wa komyuni ya Taba, yaani eneo la utawala kama wilaya ndogo, kule Gitarama, Rwanda. Alikuwa mwalimu kabla ya hapo. Majaji walikuta kwamba watutsi wasiopungua 2,000 waliuawa Taba yeye akiwa bado madarakani. Alikamatwa Zambia Oktoba 1995, akaletwa Arusha Mei 1996, mashtaka yakaishia kuwa 15 na akatiwa hatiani kwa 9.

Sasa kitu ambacho nataka kila mtu anayepita hapa akijue ni hiki. Kwenye hati ya mashtaka ya kwanza kosa la ubakaji halikuwemo kabisa. Halikuwemo! Kesi ilishaanza kusikilizwa, mashahidi wakina mama wakaanza kusema mambo waliyoyapitia wao na watoto wao wa kike, na majaji, mmoja wao akiwa Navanethem Pillay, mwanamke pekee kati ya watatu, wakauliza wakataka kujua zaidi. Juni 1997 hati ikabadilishwa na mashtaka hayo yakaongezwa. Na hukumu ikaja kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari, jambo ambalo hakuna mahakama ya kimataifa ilikuwa imewahi kusema. Kila nikifika kwenye kurasa hizo nawaza ni mangapi yamelala kwenye mafaili ya dunia hii kwa sababu aliyeshika kalamu hakuuliza.

Saa 3 asubuhi

Picha. Hii sehemu naifanya asubuhi nikiwa na nguvu, usiku siiwezi na mwalimu mwenyewe alinikataza.

Kwenye kesi hii kulikuwa na mpiga picha Muingereza, Simon Cox, alikuja kutoa ushahidi wa aliyoyaona alipoingia Rwanda mwaka 1994. Alieleza miili kwenye maeneo ya makanisa, na vitambulisho vimetapakaa chini, vyote vimeandikwa Mtutsi. Tangu enzi za Wabelgiji, miaka ya 1930, kitambulisho cha Mnyarwanda kilikuwa kinaandikwa kabila, kwa hiyo karatasi ndogo unayotembea nayo mfukoni ndiyo ilikuwa inakuhukumu kwenye kizuizi cha barabarani.

Wengi wanadhani picha inajiongelea. Haijiongelei. Lazima awepo mtu wa kusimama kizimbani aseme nilikuwa pale, hivi ndivyo nilivyoona, siku hii, upande huu. Bila yeye ni karatasi yenye rangi. Na mimi ninapoandika maelezo ya picha kwa ajili ya somo nina amri moja, andika kinachoonekana. Siandiki "kanisa walipouliwa watu". Naandika jengo la matofali, mlango hauna ubao, nguo ya kijani chini mkono wa kulia. Nilikuwa naona kama ni ukatili kuandika hivyo, nguo ya kijani, kama mtu anahesabu mali dukani. Siku hizi naona ni heshima, kwa sababu siku wakili wa upande wa pili akija kushambulia hiyo picha hapati pa kushika, na hiyo nguo ya kijani ilikuwa ya mtu.

Saa 5

Maneno sasa. Hapa ndo nakaa muda mrefu kuliko kote.

Mashahidi wengi wa Taba walisema kwa Kinyarwanda, na majaji hawakukijua, kwa hiyo neno linatoka kwa mama linaingia Kifaransa linaingia Kiingereza. Ndani ya hukumu majaji wenyewe waliandika kwamba ilikuwa kazi ngumu sana, wakamuita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, awafafanulie maneno kama inyenzi, inkotanyi, ibyitso. Inyenzi ni mende. Inkotanyi ni jina la wapiganaji wa RPF, waliokuwa wanapigana na serikali ya Rwanda. Ibyitso ni washirika wa adui, ila wakati ule ukilisema kwenye mkutano wa hadhara watu wanajua unawasema akina nani, hata kama Mtutsi hujamtaja.

Na kwenye ubakaji kulikuwa na maneno manne, gusambanya, kurungora, kuryamana, gufata ku ngufu. Yote wakalimani waliyatafsiri kwa neno moja la kubaka, na majaji wakalazimika kuyachambua moja moja waone kama yanabeba maana hiyo kweli. Kuryamana ukilichukua lilivyo ni kulala pamoja. Mimi namwelewa huyo mama kabisa. Hata kwetu mtu hasemi, atakuambia "walinifanyia mambo mabaya", "waliniharibia", "alinilalia kwa nguvu", na hapo ametumia ujasiri wake wote. Ukiwa mpelelezi mgeni una haraka unaandika "shahidi alilala na mtuhumiwa" na hapo umeshamuua mara ya pili. Kwa hiyo kwenye tafsiri yangu naweka neno lake lenyewe la Kinyarwanda, alafu Kiswahili chake jinsi lilivyo, bila kulipamba na bila kulipunguza. Mwalimu alisema kurasa zinakuwa ndefu. Nikamwambia ziwe ndefu.

Saa 7 mchana

Umeme umekatika, chaji imebaki asilimia 31. Wali maharage kwa mama Neema, nakula nikiwa nimesimama nje juani kwa sababu baada ya asubuhi kama hii nahitaji kuona watu wanacheka kuhusu mpira.

Saa 8

Umeme umerudi. Mchana nafanya sehemu ya pili, mahojiano mapya. Mwalimu alimtuma mwanafunzi wake Ngara akaongee na wazee waliokuwepo Rusumo, mpakani na Rwanda, mwaka 1994, ili darasa lijifunze kuhoji na kuandika maelezo kwa watu halisi waliokubali. Nami hapa moyo unadunda tofauti maana ni kwetu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, wakajaa Benaco, ikawa kambi yao. Nilikuwa na miaka sita. Ninachokumbuka ni barabara nyeupe ikawa ya rangi rangi, magodoro na vitenge, na bibi akanivuta ndani.

Mwanafunzi kaniletea vitu viwili, sauti ya dakika 52 na karatasi mbili za maelezo alizoandika yeye. Kazi yangu ni kuandika sauti yote alafu tulinganishe. Mzee tumempa herufi, MR. Naanza.

Karatasi inasema: "Shahidi alikuwa umbali wa mita 200 kutoka mtoni." Sauti inasema hivi, nainukuu kama ilivyo: "Nilikuwa hapa, mto uko kama pale kwa yule fundi baiskeli, hapana, mbele yake kidogo, unapopita mtaro." Hakuna mita yoyote. Mita ameziweka kijana.

Karatasi inasema: "Aliona miili mingi ikielea." Sauti: "Niliona wa kwanza, wa pili. Nikaacha kuangalia mto." Mingi iko wapi?

Karatasi: "Shahidi alionyeshwa picha ya daraja akashindwa kulitambua." Hapa nikasimamisha sauti nikarudisha mara tano. Mzee anasema "Hili silo." Anasema kwa utulivu kabisa. Kijana anamuuliza hulitambui mzee? Anarudia, "Hili silo, mwanangu." Nikafungua picha yenyewe. Jamani, ni daraja jipya! Lile pana la njia mbili lililozinduliwa Aprili 2016 na Magufuli na Kagame. Mwaka 1994 halikuwepo, watu walivuka lile la zamani jembamba. Yaani mzee alikuwa sahihi kuliko mwenye picha, na karatasi imemfanya aonekane kasahau. Kesho keshokutwa mtu angesoma zile karatasi mbili bila kusikia sauti angesema huyu mzee kumbukumbu zake hazifai.

Nikaenda moja kwa moja kwenye ile sehemu ya hukumu ya Akayesu ninayoipenda kuliko zote. Upande wa utetezi ulikuwa unaonyesha kwamba mashahidi waliyosema mahakamani hayafanani na maelezo waliyoyatoa kwa wapelelezi. Majaji wakasema maelezo yale hayakutolewa chini ya kiapo, yalichukuliwa kwa Kinyarwanda yakaandikwa kwa lugha nyingine, na wao majaji hawakuwa na mahojiano yenyewe neno kwa neno, walikuwa na tafsiri tu, kwa hiyo hawakuweza kujua maswali yaliulizwa vipi wala kama mkalimani alipatia. Wakaona uzito mkubwa uende kwenye yale yaliyosemwa mbele yao. Pia waliandika kwamba mashahidi wengi wa vijijini walipata shida na tarehe, umbali na ramani, na kwamba hilo si uongo. Hayo ndiyo nayaona kwa mzee MR leo, mtu aliyepimia umbali kwa mtaro na fundi baiskeli.

Saa 11 jioni

Nikampigia kijana.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Ile picha ya daraja uliitoa wapi?"

"Niliidownload tu dada, niliandika Rusumo ikaja."

Sikumfokea. Nilimwambia afungue atazame tena, amsikilize mzee dakika ya 34. Akakaa kimya, alafu akasema "mungu wangu, mimi nimemwandika amesahau." Sauti ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia asifute karatasi ya kwanza, asiichane, asiipendezeshe. Aandike karatasi ya pili, aweke tarehe ya leo, aseme nilikosea hapa na hapa, na zote mbili zikae kwenye folda pamoja na picha yenyewe, na jina la aliyempa mzee ile picha. Kosa likifichwa ndo linaua ushahidi, likiwa limeandikwa wazi mtu anaweza kulipima. Alafu arudi Ngara amwombe mzee radhi kwa mdomo wake, hilo si la sheria, ni la utu.

Amekubali kwenda. Atapanda basi wiki ijayo.

Saa 1 usiku

Ugali, hesabu za kugawanya za mtoto, kuoga.

Saa 3 usiku

Nampigia mama Ngara. Huwa simwambii ninachosikiliza mchana, lakini leo nimemuuliza tu, mama lile daraja la zamani lilikuwaje? Akasema "jembamba, gari likiingia we unasubiri upande huu." Alafu akanyamaza, akasema "siku ile hakuna aliyesubiri." Sikumuuliza zaidi, na yeye akaanza kuongelea mbuzi.

Saa 4

Nimerudi kwenye laptopu kumalizia faili ya MR maana kuna kitu kimoja nilikiruka. Dakika ya 41, baada ya "nikaacha kuangalia mto", kijana anauliza kwa nini, na mzee hajibu. Kwenye karatasi swali hilo halipo kabisa, limepita kama halikuulizwa. Kwenye sauti unasikia kuku, unasikia mtu anapita na redio, unasikia mzee anavuta pumzi. Nimehesabu kwa saa ya simu. Nimeandika:

MR: [kimya, sekunde 19]

Nimesevu, nimezima.