Odeon, Alhambra, Roxy: majina yaliyotusubiri milangoni

Nimerejea nyumbani baada ya miaka mingi ughaibuni, na kila ninayekutana naye ananiuliza nimeuonaje mji. Umebadilika sana. Mimi nilichokitafuta kwa macho ni majina ya majumba ya zamani ya sinema: Odeon, Alhambra, Royal. Yote yalishafungwa, moja sasa ni ghala, lakini watu bado wanaelekezana kwayo: "Shuka Odeon, halafu kata kushoto." Utotoni nasi tuliyatamka hivyo hivyo, kama majina ya mitaa. Yalikotoka nilikuja kujua nikiwa mbali, na ningependa tuliokulia hapa tuzijue hadithi zake.

Chukua Alhambra. Ya asili ni ngome na kasri la wafalme Waislamu wa Granada, Uhispania. Mwaka 1854, London, pale Leicester Square, lilifunguliwa jengo lililopambwa kwa mtindo wa Kimoor, yaani wa Waislamu wa Uhispania ya kale, likakusudiwa maonyesho ya sayansi na sanaa. Biashara haikwenda, na miaka miwili baadaye likafungwa. Lilipofunguliwa tena mwaka 1858 lilikuwa jumba la burudani, na kwa mapambo yale likabatizwa Alhambra. Likavuma, na kumbi za miji mingine zikaliiga jina. Mwaka 1896 Robert Paul, mmoja wa waanzilishi wa filamu Uingereza, akaonyesha humo picha zake zinazotembea. Basi filamu ilipofika, jina lilikuwa mlangoni zamani. Jengo likabomolewa mwaka 1936, na mwaka uliofuata ikafunguliwa Odeon juu ya kiwanja kile kile.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mengi. Sinema iliyakuta majina kwenye kumbi za tamthilia na muziki, ikayavaa. Royal, yaani "ya kifalme", ina mizizi kwa mfalme Charles II wa Uingereza, aliyewapa watu wawili tu hati ya kuonyesha michezo ya kuigiza London katika miaka ya 1660. Jina hilo lilikuwa kibali. Sheria ya mwaka 1843 ikauvunja ukiritimba, lakini jina likabaki na uzito wake, hata juu ya milango isiyowahi kuiona hati ya mfalme.

Odeon ndiyo inayonigusa zaidi. Kwa Wagiriki wa kale ulikuwa ukumbi wa muziki, na ule wa Herodes Atticus mjini Athens, wa karne ya 2, umeendelea kutumika hata katika zama zetu. Mwaka 1905, huko Pittsburgh, Marekani, Harry Davis na John Harris walifungua chumba cha filamu cha kiingilio cha senti 5. Wakachukua jina la sarafu hiyo, nickel, wakaliunga na lile la Kigiriki: Nickelodeon. Sarafu ya mfukoni mwa kibarua ikawekwa bega kwa bega na fahari ya Athens. Kisha mwaka 1930 mfanyabiashara Mwingereza Oscar Deutsch akafungua Odeon yake ya kwanza huko Perry Barr, Birmingham. Alipofariki mwaka 1941, alikuwa na zaidi ya 250.

Ukubwa huo wa majina ulikuwa na kazi. Filamu zilianza kuonyeshwa kwenye mahema ya maonyesho na maduka matupu, na wenye nafasi zao walizidharau. Mwenye ukumbi alipaswa kumhakikishia mama mwenye watoto kwamba ndani ni mahali pa heshima. Palace (kasri), Regal (ya kifalme), Majestic (yenye fahari): yote yanasema hivyo. Wapo wanaoyaita majina haya ulaghai. Sikubaliani nao kabisa. Zulia lilikuwa zulia kweli, viti vya mahameli vilikuwa vya kweli, na aliyeshinda amebeba magunia aliketi juu yake saa mbili nzima kwa tiketi aliyoilipia mwenyewe.

Juzi nilisimama chini ya herufi za Odeon yetu. Ni za bati, na kila moja ina safu ya matundu ya balbu, kutu imekula kingo zake. Jina fupi lilipata herufi kubwa za kuonekana mbali, na nadhani hilo liliwasaidia Rex na Ritz pia. Ritz, kwa njia, ni César Ritz, mtoto wa wakulima wa Uswisi aliyekuja kuwa bwana wa hoteli. Wenye sinema waliazima anasa yake.

Siku hizi kumbi mpya hupewa jina la kampuni na namba ya chumba. Naona ni hasara. Anayefungua ukumbi leo si lazima arudi Granada wala Athens. Aweke hata jina la nyumbani kwao, au lake mwenyewe. Samuel Rothafel, bwana wa kumbi za sinema, aliwahi kufanya hivyo mwaka 1927 mjini New York: jumba la viti karibu 6,000 akaliita Roxy, jina lake la utani. Lilibomolewa mwaka 1960, na bado kuna Roxy katika miji ambayo yeye hakuwahi kuikanyaga.