Rangi ni kazi ya mwisho

Nililinunua kwa bei ya pikipiki mpya, na bado kuna watu mtaani kwetu Maweni, Malindi, wanaosema nilipunjwa. Mercedes-Benz 280SE, umbo lile linaloitwa W126, rangi ya samawati iliyopauka, namba zake za zamani za kabla ya KAA, herufi tatu na tarakimu tatu, basi. Lilikuwa limekaa miaka kwenye uwanja wa nyumba ya Mtaliano mmoja upande wa Casuarina Road, chini ya mvinje. Mwenyewe alirudi kwao, gari likabaki na mlinzi, na mlinzi naye kazi yake ikawa kulipangusa vumbi na kulijaza maji kwenye rejeta. Hayo maji nitayarudia.

Mimi riziki yangu ni mashini za boti. Siku za kazi niko ufukweni na Yamaha za wavuvi na za watu wa kutembeza wageni, kwa hiyo chumvi naijua inavyoingia na inakojificha. Jumamosi na Jumapili ni za Benzi, nyuma ya nyumba, chini ya banda la makuti. Kabla sijatoa hata shilingi nilifanya mambo mawili. La kwanza, niliomba kuiona logbuku na kuhakikisha mwenye jina yuko tayari kuhamisha umiliki, maana magari ya namna hii hapa Malindi yako mengi ambayo mwenye jina hapatikani tena na huwezi kuyaandikisha hata ukiyafanya mapya. La pili, nilifungua plagi zote, nikatia oili kidogo kwenye kila silinda, nikashika nati ya krenki kwa spana na kuvuta polepole. Ikazunguka. Injini inayozunguka kwa mkono ina maneno ya kuzungumza.

Tangu siku lilipofika nyumbani likivutwa kwa kamba, swali la wapita njia ni moja. Jirani yangu, nahodha mstaafu wa jahazi, ndiye aliyekuwa mkali zaidi.

"Mwanangu, utalipiga rangi lini? Unatutia aibu mtaani."

"Bado, Ami."

"Bado nini? Rangi siku mbili tu!"

Nikamuuliza: Ami, wewe katika ubaharia wako wote, uliwahi kukipaka chombo rangi kabla ya kukitia kalafati kwenye nyufa? Alinyamaza, akalizunguka gari mara moja, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata nikamsikia getini akimweleza mtu wa bodaboda kwa nini rangi haiji mwanzo. Toka siku ile ndiye msemaji wangu.

Na huo ndio msimamo wangu, nitausema wazi: ukiona Benzi la zamani Pwani linang'aa, usilisifu kabla hujapiga magoti ukachungulia chini. Kutu ya magari haya hutokea ndani kuja nje. Unaona lengelenge dogo kama punje kwenye kona ya kioo cha nyuma, unalikwangua, unakuta bati limeshakuwa karatasi. Fundi wa mbio atapiga puti, atapiga msasa, atanyunyiza rangi, utalipa na utafurahi. Ikinyesha masika moja, malengelenge yamerudi na ndugu zao.

W126 ina mahali pake maalumu pa kuoza. Kona za chini za kioo cha nyuma ni hapo pa kwanza. Kisha pale pa kuwekea jeki. Kisha fenda za mbele nyuma ya magurudumu, na ule upande wa chini wa milango uliofunikwa kwa plastiki pana. Gari hili lilipotoka mwaka 1979, Bruno Sacco, mbunifu mkuu wa Mercedes-Benz, na wenzake waliamua bampa ziwe za plastiki zilizoungana na mwili, na ubavuni plastiki iendelee kuanzia tairi hadi tairi. Kwa macho ni umbo zuri mno, mimi sijaona sedani iliyolizidi. Kwa fundi wa Malindi ni mfuko wa mchanga. Nilipozing'oa plastiki za upande wa abiria, mchanga ulimwagika kwenye sakafu, mchanga mweupe wa ufukweni, na nyuma yake bati likiwa na unyevu ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Chumvi huvuta unyevu hewani. Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichokigusa hakikuwa msasa wala dawa ya kutu. Niliosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nikaacha likauke, nikaosha tena. Ukipaka chochote juu ya chumvi, umeifungia ndani ikae na chuma kwa raha zake.

Halafu kuna mvinje. Mti mzuri, kivuli chake kizuri, lakini majani yake membamba yanaingia kila tundu. Gari lina dirisha la paa, na dirisha la paa lina vibomba vinne vinavyoshusha maji kupitia ndani ya nguzo mpaka chini. Vyote vilikuwa vimeziba. Maji yalikosa njia yakaingia kwenye kitambaa cha dari na chini ya zulia. Ukiuliza mitandaoni watakwambia upulize kwa kompresa. Usifanye hivyo: upepo wa nguvu huchomoa kibomba kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na hapo utalazimika kushusha dari nzima. Mimi nilitumia mshipi mnene wa kuvulia samaki wakubwa, nikaulainisha ncha kwa moto wa kiberiti ili usitoboe, nikausukuma taratibu huku nikiuzungusha. Upande wa kulia ulitoa bonge la majani meusi lenye harufu ya kinamasi. Nikamimina kikombe cha maji juu, nikainama kutazama, maji yakatoka chini yote.

Pale palipooza kabisa nilikata hadi nikafika kwenye bati safi. Kuchomelea sikujitia ujuzi, nilimwita fundi wa gesi kutoka Kisumu Ndogo, kwa sababu bati la mwili ni jembamba na moto wa stiki hulitoboa. Nilikata viraka kwa bati jeusi la geji 20, si lile la kuezekea, maana zinki ikichomwa moshi wake unaumiza kifua. Ndani ya kila mfuko tulioufunga nilimimina nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya asili. Kazi hiyo hakuna atakayeiona milele, na ndiyo iliyokula wikiendi nyingi kuliko zote.

Sasa petroli. Tangi la gari hili liko nyuma ya kiti cha nyuma na hubeba lita 90. Ndani mlikuwa na petroli ya zamani iliyogeuka kama gundi ya viatu kwa harufu. Injini ni M110, silinda sita, kamshafti mbili juu, lita 2.8 kwa jina, na haina kabureta wala kompyuta. Ina mfumo wa Bosch uitwao K-Jetronic, na mafundi wengi wakiufungua huufunga tena haraka. Mimi nimeupenda. Hewa inayovutwa na injini husogeza sahani, sahani husogeza pistoni nyembamba ndani ya distributa ya petroli, na pistoni hiyo ndiyo inayopima petroli kiasi gani iende kwenye nozeli sita. Nozeli hazifungi na kufungua kwa zamu, hunyunyiza mfululizo muda wote injini ikiwaka. Ni hewa, chuma na presha, tena presha ya baa tano na kitu, kwa hiyo mpira wowote uliochoka hupasuka.

Nilisukuma ile sahani kwa kidole. Ingepaswa kuwa na uzito ulio sawa njia nzima, lakini ilifika katikati ikakwama. Nikafungua distributa, nikaitoa pistoni juu ya kitambaa kisafi, ndogo kuliko kalamu, imevaa ngozi ya kahawia ya petroli iliyokauka. Hapa msasa haukaribishwi hata ule laini wa maji, kwani mkwaruzo mmoja tu unatosha kuvujisha. Niliilaza kwenye dawa ya kusafishia kabureta usiku kucha, asubuhi nikaifuta kwa vidole mpaka ikawa inateleza kwenye tundu lake kwa uzito wake yenyewe.

Kisha nikasafisha tangi, nikabadilisha chujio, pampu na mipira yote, na kazi iliyowakusanya watoto wa mtaa ikaja: nozeli sita nje, kila moja ndani ya chupa yake ya soda ya kioo, chupa zimepangwa juu ya ubao. Watoto niliwasimamisha mbali, kwenye ukuta, na waya wa koili nikauchomoa, maana petroli ya kunyunyizwa haitaki mzaha. Nikaunganisha rilei ya pampu kwa waya mfupi, nikasukuma sahani. Nozeli tano zikatoa ukungu mwembamba wa umbo la koni. Ya nne kutoka mbele ikawa inadondosha matone. Nikazima, nikalinganisha urefu wa petroli kwenye chupa, na hapo huhitaji mashine ya kusomea hitilafu, jicho linatosha. Nozeli moja mpya, mipira mipya ya kuzikalia zote, injini ikawaka. Ilitetemeka kwanza, ikatoa moshi wa ile oili niliyotia, kisha ikatulia.

Yale maji ya mlinzi. Maji ya visima vyetu vingi Malindi yana chumvichumvi, na silindahedi ya M110 ni ya alumini juu ya bloku la chuma cha kusubu. Ukiweka maji ya chumvi kati ya metali mbili za namna hiyo unakaribisha uharibifu. Rejeta ilitoa uji wa rangi ya matofali. Nimesukutua mpaka maji yakawa meupe, nikajaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa ya kujazia betri. Watu hunicheka, "Kwani Malindi kuna barafu?" Barafu hamna. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, tena hupandisha kiwango cha kuchemka, na hayo ndiyo ninayoyanunua.

Umeme ulikuwa rahisi. Fyuzi za gari hili si zile bapa, ni za umbo la risasi zenye ncha za alumini, na hewa ya bahari huzivisha unga mweupe. Nusu ya "wiring imekufa" niliyoambiwa na mafundi waliolitazama kabla yangu ilikuwa unga huo. Nimeweka zenye ncha za shaba.

Kufuli za milango zilinifurahisha. Hazivutwi na waya, zinavutwa na hewa kutoka kwenye pampu ndogo ya umeme, na kila mlango una kikombe chenye ngozi ya mpira ndani. Mpira mmoja ukitoboka, milango yote hulegea. Nilichukua bomba kubwa la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano, nikaliunganisha kwenye kila kibomba na kuvuta. Likibaki pale lilipovutwa, mpira mzima. Likirudi, umetoboka. Mbovu ilikuwa kile kifuniko cha kujazia petroli, kitu ambacho hakuna anayekifikiria.

Viti vya Wajerumani hawa vilijazwa pedi za manyoya ya farasi yaliyofungamanishwa kwa mpira, na kwa joto letu vimekuwa unga. Mtengeneza magodoro mmoja amenijazia cha dereva kwa usumba wa nazi, kigumu kidogo lakini hakizami. Mama watoto amekikalia akasema kinafaa, na yeye hasifu ovyo. Mbao za dashibodi nilizikwangua vanishi iliyopasuka kwa kipande cha kioo, pole pole kwa sababu ule ubao wa juu ni mwembamba mno, nikapaka vanishi ya boti. Ile hustahimili jua.

Kuhusu spea, jifunze kusoma namba. Tarakimu tatu za mwanzo hukwambia kitu kilitengenezewa gari lipi kwanza: 126 ni la hili, 123 ni la W123, Benzi dogo kuliko hili, 110 ni cha injini. Ukijua hivyo, muuzaji wa spea wa Kirinyaga Road, Nairobi, hawezi kukupakia cha kingine kwa simu, na mara nyingi utagundua kwamba kitu unachokitafuta kimo kwenye W123 iliyolala uwanjani kwa mtu Watamu. Bodi, vioo, swichi, chukua vilivyotumika. Vya mpira na vya breki nunua vipya, hata kama mfuko unalia.

Kabla ya rangi imebaki raba ya kioo cha nyuma, kwa sababu hiyo ya zamani imekauka na viraka vyote vya kona vitakuwa kazi bure ikiendelea kuvuja. Imeshatoka Ujerumani na iko Nairobi, inasubiri kupakiwa basi. Ikifika kabla ya masika nitaipachika na kujaribu kwa mpira wa maji. Isipofika, gari litalala chini ya turubai na mimi nitafungua kaliper za breki za nyuma, ambazo kwa vyovyote vile zinataka mipira mipya.