Siku ya usaili: tunamtafuta mwalimu wa sera ya elimu

Mimi ni afisa utumishi katika chuo kikuu kimoja cha binafsi hapa Unguja. Jina la chuo silitaji, na wasailiwa nimewaondolea kila kitu cha kuwatambulisha, maana usaili ni siri ya watu. Nimeamua kuandika kwa sababu vijana wanaomaliza uzamivu huniuliza kila mara: mle ndani mnaangalia nini hasa?

Saa 11 alfajiri

Nimemaliza kuswali, nashika simu. Msailiwa wetu wa Dar yuko njiani kwenda bandarini kuwahi boti ya saa moja. Anauliza bahari ikoje. Msimu wenyewe ni wa kusi, nitamdanganya vipi? Nikamwambia anywe chai nyepesi, maandazi aje ayale huku.

Saa 1:30 asubuhi

Ofisini hakuna mtu bado, nafungua mafaili. Wengi wanadhani uajiri ni ile siku ya kukaa mezani na kuuliza maswali, kumbe nusu ya mchujo imeshapita kwenye makaratasi. Tangazo letu lilitaka shahada ya uzamivu katika sera au uongozi wa elimu, GPA ya uzamili isiyopungua 4.0, machapisho, na uzoefu wa kufundisha. Aliyesoma nje ya nchi alete na utambuzi wa shahada yake kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kuna mwombaji mmoja mzuri sana aliyeanguka hapo hapo. Shahada anayo, barua ya utambuzi hana, na simu zangu mbili hakupokea. Basi.

TCU inatuhusu kwa sababu elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, nalo vilevile. Skuli za maandalizi, msingi na sekondari si za Muungano: ziko chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya hapa, yenye sera yake. Ile ya 2006 ndiyo iliyoleta msingi wa miaka sita, na hisabati na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa hiyo mtoto wa Makunduchi anafanya mtihani wa Zanzibar kidato cha pili, akifika cha nne anafanya wa NECTA. Safari moja, nahodha wawili. Mtu anayeomba kufundisha sera ya elimu kisiwani na hili halijui, mimi humtilia shaka hata akiwa na makala kumi.

Saa 3:30

Jopo limetimia: mkuu wa kitivo, mkuu wa idara, mjumbe kutoka chuo kingine, na mkaguzi mstaafu wa skuli ambaye sote tunamwita Maalim. Mimi ni katibu, naandika na kuangalia saa. Nyuma wamekaa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu.

Kila msailiwa ana dakika 20 za kufundisha, kisha maswali. Mada tuliwatumia wiki moja kabla: “Tuseme wizara inaondoa mkondo wa mchana katika skuli za msingi. Wafundishe wanafunzi namna ya kuuchambua uamuzi huo.” Niliipenda mada hii tangu mkuu wa idara alipoileta, kwa sababu skuli za ghorofa zinazojengwa siku hizi zimelifanya suala la mikondo, yaani watoto kusoma kwa zamu ya asubuhi na ya mchana, kuwa mazungumzo ya kila barza.

Saa 4

Dokta wa Dar. Suti imekaa, slaidi zimepangika, sauti inafika mpaka nyuma. Akatueleza hatua za utungaji wa sera moja baada ya nyingine, na kusema kweli alizieleza vizuri. Halafu akafika kwenye mfano. “Kwa mujibu wa sera yetu ya 2014, toleo la 2023, elimu ya lazima ni miaka 10…”

Maalim akavua miwani. “Mwanangu Dokta, sera hiyo imevuka bahari?”

“Ni sera ya taifa, mzee wangu.”

Wanafunzi wakatazamana. Mmoja alijikohoza kikohozi ambacho si cha mafua.

Sera aliyoitaja ni ya skuli za Bara, lakini niseme wazi, tatizo si Ubara wake. Nimewahi kumsikia Mzanzibari, mzaliwa wa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, akifanya vilevile, kwa kuwa vitabu alivyosomea vyote vilikuwa vya upande wa pili na hakuwahi kufungua cha kwao.

Saa 5:30

Wa pili anatoka nchi jirani. Anajua mambo ya fedha za elimu kuliko sote mle ndani, ila alisoma slaidi neno kwa neno na wanafunzi wakaanza kuangalia simu. Mwishoni akauliza mshahara na vibali. Swali halali, wala sikuona kiburi kama alivyoona mkuu wa idara. Nikamjibu kwamba kibali cha kazi hapa kinatoka Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar, na cha ukaazi Uhamiaji, kwa hiyo ajipange kwa milango miwili.

Adhuhuri

Swala, wali, mchuzi wa samaki. Mazungumzo ya usaili marufuku mezani, na Maalim akayaanzisha.

Saa 8 mchana

Wa tatu ni bibi aliyetoka Pemba. Aliingia jana na boti, amelala kwa shangazi yake Jang'ombe. Hana slaidi. Kalamu ya ubao mkononi, akachora mistari miwili.

“Huyu ni Mwanaisha, yuko Micheweni. Asubuhi skuli, mchana chuo cha Kurani. Na huyu ni kaka yake, yeye asubuhi chuoni, mchana skuli. Chuo ni kimoja, ustadhi ni mmoja, mikeka ni ile ile. Sasa ondoeni mkondo wa mchana.”

Akaufuta mstari wa kaka na kuusogeza juu ya ule wa Mwanaisha. Kimya. Kila aliyekulia visiwani aliiona picha: watoto wote wanaingia chuoni saa nane, na hapana pa kukaa.

“Wizara imejenga madarasa, jambo zuri. Nani amemuuliza ustadhi?”

Kisha akachora njia inayopitwa na uamuzi: wizara Unguja, Afisa Mdhamini anayeiwakilisha wizara Pemba, ofisi ya wilaya, mwalimu mkuu. Kijana mmoja akanyoosha mkono. “Mwalimu, sisi tutakuwa wapi hapo?”

Badala ya kujibu akampa kalamu. Kijana akaandika “mwalimu wa darasa” chini kabisa, mwisho wa mshale.

“Sawa. Wizara ilijuaje kwamba skuli ina watoto wengi?”

“Kwa takwimu.”

“Zimetoka wapi?”

Kijana akafikiri, akacheka peke yake. Akafuta, akaandika tena “mwalimu wa darasa”, mara hii juu ya wizara, na pembeni yake “daftari la mahudhurio”. Alirudi kitini akitembea kama aliyefunga goli. Mkuu wa kitivo aliacha kuandika, na yule bwana haachi kuandika hata kwenye harusi.

Dakika zake zilikwisha, nikajifanya sijaiona saa.

Saa 10

Hapa ndipo pagumu. Huyu bibi ameshatetea tasnifu yake na amefaulu, marekebisho amewasilisha, lakini hajahitimu. Cheti hakipo. Makala iliyochapishwa ni moja, wakati Dokta wa Dar ana nyingi, na nzuri, nilizipitia. Mkuu wa idara ana hoja yake: TCU wakija kukagua programu wanatazama sifa za wahadhiri, na hawataisoma picha ya Mwanaisha iliyokwishafutwa ubaoni.

Mjumbe wa nje akasema Dokta wa Dar ni mwepesi, mambo ya Zanzibar atajifunza kwa mwezi mmoja.

“Atajifunza,” Maalim akakubali. “Lakini alikuwa na wiki nzima na mada mkononi.”

Hakuna aliyemjibu. Mimi kama katibu sina kura, ila nikiulizwa kanuni husema. Nikasema kanuni zetu zinaruhusu kumpendekeza mtu kwa sharti: akileta barua rasmi ya chuo chake kuthibitisha kwamba ametimiza masharti yote ya shahada, anaanza kwa daraja la mhadhiri msaidizi, na cheti kikitoka anapandishwa. Wakabishana nusu saa nyingine juu ya sharti hilo. Alama zilipojumlishwa, bibi wa Pemba alikuwa juu kwa ufundishaji, Dokta kwa utafiti, na jumla zao zilikaribiana mno kuamua kitu. Kilichoamua ni swali la mkuu wa kitivo: hawa wanafunzi wetu wanakwenda kuwa walimu wakuu wapi? Wengi ni hapa hapa, Unguja na Pemba.

Saa 12 jioni

Naandika muhtasari. Nasoma pia barua za wadhamini. Moja imeandikwa kwa namna ambayo ukibadilisha jina inamfaa hata dereva wetu. Ndugu zangu mnaoomba kazi, mdhamini mwenye cheo kikubwa asiyewajua hawasaidii kitu. Mtafuteni aliyewaona darasani.

Saa 2 usiku

Nyumbani. Dokta wa Dar kaandika kuuliza majibu lini. Nimemjibu kwamba kamati ya ajira ya Baraza la chuo inakaa wiki ijayo, na kabla yake hakuna mwenye jibu. Mapendekezo yanakwenda na majina mawili, la bibi wa Pemba mbele na sharti lake, la Dokta likifuata.

Nikampigia yule bibi kumwomba barua ya chuo chake. Nilimweleza wazi kwamba ombi la karatasi si jibu la kazi. Akauliza ailete kwa mkono au kwa barua pepe.

“Vyote viwili, dada yangu. Na muhuri usomeke.”